Kuutengeneza Uso Uliovunjika: Je, ni Kubadili Maumbile ya Mwenyezi Mungu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, katika darasa letu la hapa Mbaraki, baada ya sala ya Isha, lilizuka suala ambalo halikumalizika usiku ule wala usiku uliofuatia. Suala lenyewe halikutoka kitabuni; lilitoka nyumbani kwa watu. Twaliandika hapa kwa sababu twaona kuwa nyumba ile si ya peke yake, na kwamba majibu mabaya yaliyotolewa pale hutolewa kila siku katika mitaa yetu, kuanzia Mbaraki hata Mji wa Kale, tena hutolewa kwa jina la dini.

Mtoto wa kiume, umri wake miaka 11, alikuwa akicheza mpira na wenziwe. Waliruka wawili kuupiga mpira kwa kichwa, na kiwiko cha mwenziwe kikampata jichoni. Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Jicho halikuvimba sana wala halikuingia damu. Lilikuwa jeupe kama lilivyokuwa asubuhi. Lakini kila alipojaribu kutazama juu alishikwa na maumivu makali, akatapika, akalegea hata akakaribia kuzimia, na vitu akawa anaviona viwili viwili. Watu wa nyumbani wakatazamana. Jicho zima, halina jeraha, na mtoto anatapika kila akiliinua! Mmoja akasema ni husuda. Mwingine akasema ni shetani. Nyanya yake, kwa mapenzi aliyo nayo kwa mjukuu wake, akashauri apelekwe kwenye Nguzo ya Mbaraki na marashi na ubani. Yakapita majuma matatu katika makombe, mafusho na nguzo.

Alipofikishwa hospitali, daktari alipiga picha, akaona kuwa sakafu ya tundu la jicho imepasuka, na kwamba msuli ulio chini ya jicho umebanwa katika ule ufa kama kidole kilichobanwa mlangoni. Akasema kuwa lau mtoto angaliletwa siku ile ile au siku ya pili, kazi ingalikuwa nyepesi na matumaini makubwa. Hata hivyo upasuaji bado ulihitajika, na baba akapewa karatasi ya kutia saini.

Hapo ndipo mzee wa ukoo alipozuia. Alisema: “Mtoto anaona, anakula, analala. Huko kumpasua uso na kumtia chuma ni kubadili maumbile. Mwacheni na kadari yake.” Baba akaja darasani, akakaa mbele ya mwalimu wetu, akasema: “Maalim, mimi sitaki ubishi. Nataka kujua jambo moja. Nikiitia saini karatasi ile, nitakuwa nimemuasi Mungu au nimemtii?”

Suala la baba huyu ni suala zito, na mwenye kulijibu kwa mzaha amefanya dhambi. Wanachuoni wetu wamefundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu kabla ya kukijua kilivyo. Basi na tuanze kwa kujua ni kitu gani kinachohukumiwa.

Tundu la jicho limejengwa kwa mifupa 7 iliyoungana. Ukingo wake wa nje ni mgumu: juu ni mfupa wa ushi, chini na kando ni mfupa wa shavu. Lakini kuta zake za ndani ni nyembamba mno. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba hata wanachuoni wa tiba wakaupa jina la Kilatini lenye kuufananisha na karatasi. Na sakafu yake haikuegemea kitu kigumu, bali chini yake mna uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa taya la juu. Mtu akipigwa ngumi au mpira, jicho husukumwa nyuma na vilivyo tunduni husongamana. Tena ukingo nao hupinda kidogo na kuitikisa sakafu. Kilicho chembamba ndicho kivunjikacho. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Smith na Regan, waliuweka mpira mgumu juu ya jicho la maiti, wakaupiga kwa nyundo. Sakafu ya tundu ikavunjika na ukingo wake ukabaki mzima. Mwenye kuzingatia ataona hekima hapo: mara nyingi kuvunjika kwa ukuta mwembamba ndiko kunakolisalimisha jicho lenyewe lisipasuke.

Kwa mtu mzima, mfupa ule huvunjika vipande, mafuta yaliyolizunguka jicho yakatumbukia katika ule uwazi, na jicho likadidimia au likashindwa kwenda sawa na mwenziwe. Lakini mfupa wa mtoto ni kama ufito mbichi: hupasuka ukafunguka, kisha hurudi mahali pake na kuibana nyama iliyopita. Nje hakuna uvimbe wala damu, na ndani msuli unakosa damu na kufa polepole. Kutapika kule na moyo kwenda taratibu si shetani. Ni mishipa ya fahamu ya jicho iliyovutwa, nayo ina njia inayofika mpaka kwenye moyo na tumbo. Kwa hivyo mtoto wa namna hii hutakiwa kupasuliwa upesi, katika siku moja au mbili. Mtu mzima kwa kawaida hungojewa mpaka uvimbe ushuke, na madaktari wengi hupenda kazi ifanyike kabla ya majuma mawili kupita. Tena mivunjiko mingi iliyo midogo haihitaji kisu kabisa.

Ama kazi yenyewe, mgonjwa hupewa nusukaputi, na daktari hupitia ndani ya kope la chini au karibu nalo, ili kovu lisionekane. Huinyanyua nyama iliyoanguka, akaitoa iliyobanwa, kisha akaliziba tundu kwa kipande chembamba cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe, kilichotolewa nyongani au kichwani, au kwa wavu mwembamba wa titaniamu. Ukingo uliovunjika hushikwa kwa vibati vidogo na parafujo ndogo. Hatuwafichi wasomaji kuwa kazi hii ina hatari zake: damu yaweza kukusanyika nyuma ya jicho na kulipofua, ingawa hutokea kwa nadra. Basi si mchezo, wala si pambo.

Tukiisha kuyajua hayo, na tuziangalie hoja.

Hoja ya kwanza ni ya kubadili maumbile. Wenye kuisema hutoa ushahidi wa Suratun-Nisaa, aya ya 119, ambapo Mwenyezi Mungu anatueleza kiapo cha Ibilisi kwamba atawaamrisha watu wayabadili aliyoyaumba Mungu. Hutoa pia Hadithi ya Abdullahi bin Mas‘ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya kulaaniwa wanaojichora ngozi na wanaotia mianya katika meno. Ushahidi ni sahihi, lakini umewekwa pasipo mahali pake. Hadithi hiyo hiyo imetaja sababu, kwamba watu hao huyafanya hayo kwa kutafuta uzuri. Na Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amebainisha kuwa anayehitaji jambo hilo kwa ajili ya matibabu au kwa kuondoa aibu iliyopata jino, hapana ubaya.

Iliyo wazi zaidi ni Hadithi ya Arfaja bin As‘ad, iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai. Sahaba huyu pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za ujahilia. Akajifanyia pua ya fedha, ikamnukia, Mtume (S.A.W.) akamuamrisha ajifanyie pua ya dhahabu. Zingatia mambo matatu, ndugu msomaji. La kwanza, jeraha lilikuwa la zamani, wala hakuambiwa kuwa wakati umepita. La pili, dhahabu ni haramu kwa wanaume, na hapa imehalalishwa. La tatu, na ndilo kubwa, pua ya dhahabu hainusi wala haikurudisha kilichokatwa. Kazi yake ilikuwa kuusitiri uso wa mtu mbele ya watu. Basi anayesema kuwa umbo la uso peke yake si haja ya kisheria, na amueleze Arfaja.

Na ukilitazama jambo hili kwa akili utaliona vivyo hivyo. Maumbile ya Mwenyezi Mungu ni yapi? Ni uso aliozaliwa nao mtoto yule, ambao mama yake aliubusu siku ya kwanza. Kiwiko cha mchezaji si maumbile. Ngumi ya mlevi si maumbile. Pikipiki iliyomtupa mtu barabarani si maumbile. Anayesema kuwa uso uliovunjika uachwe ulivyo kwa kuyaheshimu maumbile, ameugeuza mkono wa mtu kuwa mkono wa Muumba. Daktari anayeuinua mfupa ulioanguka na kuurudisha pale ulipokuwa habadili kitu, anakirudisha kilichobadilishwa. Kiwiliwili ni amana tuliyopewa, na mwenye amana iliyovunjika mkononi mwake hulazimika kuitengeneza.

Hatusemi kuwa kila kisu kinachopita usoni ni halali. Mtu ambaye jicho lake ni zima, uso wake ni mzima, naye ataka kuukata ili afanane na picha aliyoiona, huyo ndiye aliyekusudiwa na makatazo. Mpaka baina ya wawili hawa haukuchorwa na kisu, kwani kisu ni kimoja. Umechorwa na haja na nia. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipita njia hii hii: likaruhusu upasuaji wa kurudisha umbo na kazi ya kiungo kilichoharibika kwa maradhi au ajali, na likakataza ule wa kufuata matamanio.

Wasiokuwa Waislamu nao wameijua haki ya uso kwa uzoefu wao. Katika vita vikuu vya pili, daktari Archibald McIndoe, mtu wa New Zealand, aliwatibu huko East Grinstead, Uingereza, warusha ndege walioungua nyuso. Aliona kuwa kumponya mtu ngozi na kumwacha akijificha chumbani ni nusu ya dawa. Akawaomba watu wa mji ule wawakaribishe wagonjwa wake majumbani na madukani, wala wasiwakodolee macho. Nao wakafanya hivyo hata mji ukasifika kwa jambo hilo. Mwaka 1957 McIndoe huyo, pamoja na Michael Wood aliyekuwa mpasuaji Nairobi, na Thomas Rees wa Marekani, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao wa Afrika ya Mashariki, ambayo leo twaijua kwa jina la Amref. Wote watatu walikuwa mabingwa wa kutengeneza nyuso na viungo vilivyoharibika. Nasi je, tuliopokea habari za Arfaja kabla yao kwa zaidi ya miaka 1300, tutawaambia watu wetu wajifiche?

Hoja ya pili ni ya kadari na subira, na hii ndiyo yenye nguvu zaidi, kwani imevaa nguo ya ibada. Mzee wetu, Mungu amhifadhi, si mtu mjinga. Alitukumbusha Hadithi ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) kuomba aombewe dua, akapewa khiyari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira. Mzee akasema: “Basi kwa nini mtoto wetu asichaguliwe Pepo?”

Darasa lilinyamaza. Lakini mwalimu alituomba tuisome Hadithi mpaka mwisho wake. Twaona humo mambo mawili. Kwanza, mwanamke yule alijichagulia mwenyewe. Hapana baba, wala mjomba, wala mzee wa ukoo aliyemchagulia subira. Subira ni sadaka ya mtu katika mali yake mwenyewe. Hakuna awezaye kuitoa kwa mfuko wa mwenziwe, sembuse mfuko wa mtoto asiyebaleghe ambaye ni amana mikononi mwa mzazi wake. Pili, mwanamke yule, baada ya kuchagua subira, aliomba jambo jingine: kwamba akianguka hufunukwa nguo, basi aombewe asifunukwe, na Mtume akamuombea. Alikubali maradhi, hakukubali kudhalilika machoni mwa watu. Ambaye subira yake yasifiwa mpaka leo ndiye aliyetufundisha kuwa kuchunga heshima ya mwili hakuipunguzi subira hata chembe.

Ama kadari, hapana Muislamu aikanushaye. Lakini daktari naye ni kadari, na dawa ni kadari, na miguu ya kumpeleka mtoto hospitali ni kadari. Mwaka 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari ya tauni, akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akajibu kuwa naam, lakini anayoiendea nayo ni kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu, kwamba popote atakapowachunga atakuwa amewachunga kwa kadari. Na Mtume (S.A.W.) amewaamrisha waja wa Mungu wajitibu. Sasa mzazi aliyemchunga mwanawe majuma matatu katika upande mkavu, asiiambie kadari kuwa ndiyo iliyouchagua upande huo.

Na hapa yapasa kusema neno juu ya nguzo. Nguzo ya Mbaraki ni jengo la mawe lililosimama hapo kwa karne nyingi, kumbukumbu njema ya wazee wetu na ufundi wao, nasi twataka itunzwe. Lakini mawe hayasikii, wala marashi hayafiki kwenye ufa wa mfupa. Kumuomba asiyekuwa Mungu ni haramu katika siku ya afya. Katika siku ya maradhi ni haramu yenye kuongeza hasara, kwani huula wakati, na msuli uliobanwa haungoji.

Baba alikuwa na suala jingine dogo: je, chuma kikikaa mwilini, sala husihi? Suala hili si jipya. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, amelitaja katika Minhaj, kitabu kinachosomwa na Mashafii wa pwani hii tangu zamani: aliyeuunga mfupa wake kwa kitu najisi kwa kukosa kilicho tohara ana udhuru. Titaniamu si najisi, na mfupa wa mtu mwenyewe hauna mashaka. Baraza la Fiqhi lililokutana Jidda mwaka 1988 liliruhusu kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu kutoka mahali hata mahali katika mwili wake ikiwa faida yazidi madhara. Lakini vipo baadhi ya vifaa vya kuzibia vilivyotengenezwa kwa nyama ya nguruwe. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari kwa adabu kabla ya kutia saini, na kwa kuwa badali yake kwa kawaida hupatikana, achague kilicho tohara. Kuuliza si ukaidi, bali ni elimu.

Yabaki hoja ya tatu, ambayo haikusemwa darasani kwa sauti. Ilisemwa pembeni, na mtu mwingine, juu ya nyumba nyingine. Naye alisema: “Jambo la uso ni sitara ya nyumba.” Yaani mkewe mtu amevunjwa mfupa wa jicho, na majirani wameambiwa kuwa alijigonga mlangoni. Hapelekwi hospitali kwa kuwa daktari atauliza, na shavu linazama siku baada ya siku mpaka wakati unapita.

Ndugu zangu, hapa hatutalegeza maneno. Mtume (S.A.W.) amekataza kupigwa uso hata baina ya watu wanaopigana. Alipoulizwa haki ya mke kwa mumewe, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, alitaja kuwa amlishe, amvike, na asimpige usoni. Na Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, kama ilivyo katika Muslim, kuwa Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Fiqhi yetu haikuuona mfupa wa uso kuwa ni kitu chepesi: jeraha la kichwani au usoni lililofichua mfupa lina diya ya ngamia 5, lililouhamisha mfupa ngamia 15, na jicho moja nusu ya diya kamili, nayo ni ngamia 50. Hizo ndizo hesabu za dini yetu kwa jambo tuliambialo leo kuwa ni la ndani ya nyumba. Ni kweli kuwa chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 mahakama za Kadhi hazihukumu majeraha. Huhukumu ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo. Lakini njia nyingine ipo: polisi, na fomu ya P3 ijazwayo na daktari, na Sheria ya Kinga dhidi ya Jeuri ya Nyumbani ya mwaka 2015. Anayemzuia aliyeumia asiifuate njia hiyo hasitiri nyumba. Anamsitiri mwenye dhulma, na sitara ya dhalimu si sitara bali ni ushirika.

Tazama basi jinsi hoja tatu hizi zilivyokutana. Mmoja aliuachia uso uliovunjika kwa jina la maumbile, wa pili kwa jina la kadari, wa tatu kwa jina la sitara. Maneno yote matatu ni mazuri, na yote matatu yalitumika kulinda kitu kingine: uvivu, au woga, au dhulma. Adui wa dini sharti awe nje ya msikiti? La. Wakati mwingine ni neno zuri la dini lililotiwa mahali pabaya.

Kwa hivyo twawausia ndugu zetu mambo haya:

1. Mtoto akipigwa jichoni, kisha akatapika au akashindwa kulipeleka jicho juu au chini, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jicho ni jeupe. Kuonekana zima nje si dalili ya usalama.

2. Aliyeumia karibu na jicho asipenge kamasi kwa nguvu mpaka aonwe na daktari, kwani hewa hupita katika ufa ikaingia tunduni. Na akiona jicho linatoka nje kwa maumivu makali, au mwanga unapungua, asingoje mapambazuko.

3. Vijana wetu wa bodaboda na abiria wao wavae kofia ngumu, na iliyo bora ni ile inayofunika uso wote. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu.

4. Kila msikiti uwe na mfuko mdogo wa wagonjwa. Bima hulipa kwa utaratibu wake, na mfupa una siku zake; mara nyingi kinachokosekana ni nauli, au gharama ya picha ya kwanza.

5. Maimamu waseme juu ya mimbari kuwa kupiga uso ni haramu. Waseme waziwazi, wala wasiogope kuwaudhi walio safu ya mbele.

Ama baba wa yule mtoto, mwalimu alimjibu hivi: “Mwanangu, karatasi ile haikuombi uyabadili maumbile. Yakuuliza kama utairudisha amana. Itie saini, kisha uswali rakaa mbili, umuombe aliyeliumba jicho lile autengeneze mkono wa daktari.” Baba akaitia saini asubuhi yake. Mzee wa ukoo, kwa insafu yake, alikuwa wa kwanza kufika hospitali na uji.

Mtoto amepona, na vitu haoni tena viwili viwili akitazama mbele au akisoma msahafu. Lakini akitazama juu sana, kama kutazama mwezi mwandamo, bado viwili humjia. Daktari amesema huenda hali hiyo isiondoke. Ndiyo thamani ya majuma yale matatu. Basi kila mwezi unapoandama, naye akainua kichwa chote badala ya macho, hukumbuka aliyeko karibu naye kuwa ujinga una bei, na kwamba mara nyingi anayeilipa bei hiyo siye aliyekuwa mjinga.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki, na utupe uwezo wa kuifuata. Waponye wagonjwa wetu, na uwape nuru wenye kuwatibu. Amin.